Msafara wa Jumamosi: Mikocheni hadi Mbezi Beach, Dar es Salaam

Ndugu zangu, habari za jioni. Tunakutana Mikocheni saa 1:30 asubuhi, magari yanaondoka saa 2:00 kamili. Tukichelewa tutakuta foleni, maana Jumamosi watu wa sokoni na wa harusi hutoka mapema.

Kwenye ramani ya simu andikeni "Mbezi Beach, Africana". Mkiandika "Mbezi" tu, simu inaweza kuwapeleka Mbezi ya Kimara, barabara ya Morogoro, upande mwingine kabisa wa jiji.

Tutapita barabara ya zamani ya Bagamoyo: Mikocheni, daraja la Mlalakuwa, Kawe, kisha Africana. Mvua ikinyesha usiku, tunabadili: tunatokea Mwenge, Lugalo, Tangi Bovu, mpaka Africana. Ni mbali kidogo lakini salama zaidi, kwani Mto Mlalakuwa hujaa haraka. Nitawaandikia hapa saa 12:30 asubuhi njia ipi, kwa hiyo tafadhali fungueni simu kabla ya kuwasha gari.

Mkikuta maji barabarani yamefika nusu ya tairi, msiingie hata kama daladala imepita. Ile iko juu kuliko gari dogo. Gari likizimika majini, msijaribu kuliwasha tena. Injini ikishavuta maji, kuiwasha ndiko kunakopindisha konektingi rodi, yaani chuma kinachounganisha pistoni na shafti ya injini. Lisukumwe hadi pakavu, aitwe fundi.

Mafuta jazeni Ijumaa. Mama na watoto wakae gari la mbele. Dereva akipotezana nasi asipige simu akiendesha: aegeshe kwanza.