Mkiandika waini ya Krismasi, mtuambie pia imetoka wapi

Mhariri,

Kila Disemba nikifungua gazeti lenu najua nitapata ule ukurasa wa mapishi ya sikukuu, pilau iko, kuku wa kienyeji yuko, kachumbari, keki, halafu mwisho kabisa kamstari kamoja, eti teremsha na glasi ya waini nyekundu. Basi. Nyekundu gani sasa, na ya wapi? Ni kama mtu akuambie ule ugali na samaki halafu anyamaze, hujui ni mbuta ama ni omena.

Mimi ni mtu wa Kiamunyi hapa Nakuru, nauza spea za gari, sijawahi panda ndege hata siku moja, na hii mambo ya waini ilinianza kwa bahati tu. Shemeji yangu anafanya kazi hoteli fulani huko Naivasha, siku moja akaniletea chupa ya Leleshwa. Nikaifungua nikijua ni kitu ya majuu, nikanywa, nikasifu wazungu wa watu, ndio nikageuza chupa nikasoma lebo. Naivasha! Kaunti yetu hii hii, mahali napitanga nikienda Nairobi kuchukua mali, na hata hilo jina ni la ule mti wa majani ya kijivu unaouona kila mahali ukishuka Gilgil. Niliona aibu kidogo, lakini pia nikaanza kuuliza maswali.

Juu kumbe mzabibu kawaida unataka baridi kali ulale, halafu ukipata joto uamke uzae. Sisi hatuna hiyo baridi ya theluji, kwa hivyo mkulima wa huku ndiye anaupogoa ili uanze upya. Dodoma kwa jirani zetu wanavuna mara mbili kwa mwaka, Ufaransa wanavuna mara moja tu. Mimi nikisikia kitu kama hicho nataka kuonja, siwezi kutulia, na hiyo ndiyo imenifikisha hapa nilipo, chupa 19 chini ya kitanda na mama watoto anauliza kama nafungua baa.

Watu wa magharibi ya Kenya hii kitu wanaielewa bila kufundishwa. Mpe mzee wa Kakamega busaa ya Bungoma, atavuta mrija mara moja akuambie huyu mama alikaanga unga ukaungua. Waini ni hivyo hivyo, mahali na mkono wa mtu. Huko Georgia, ile nchi ya karibu na Uturuki, wametengeneza waini kama miaka 8,000, na mpaka leo kuna wanaochachisha zabibu ndani ya mtungi mkubwa wa udongo uliozikwa chini, mdomo tu ndio uko nje. UNESCO iliuweka huo utaratibu kwa orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka wa 2013. Nikionyeshwa picha nilisema hii ni mitungi ya nyanya yangu, tofauti ni kwamba wao wamezika.

Sasa niwaambie makosa yangu. Krismasi ya mwaka juzi tulikuwa tunaenda Kisumu kwa wakwe, nikabeba chupa nne nzuri, mbili za Malbec, waini nyekundu ya Mendoza kule Argentina, nikaziweka kwa buti pamoja na mzigo ya watoto. Tukatoka Nakuru asubuhi na sweta, Kericho mvua, kufika Ahero jua linawaka na kuna jemu ya lori, tukakaa hapo masaa. Kufika nikafungua buti, kizibo cha chupa moja kimesukumwa juu kimechungulia kama kobe, na nguo za watoto zimelowa rangi ya damu. Nikamimina hivyo hivyo, nani atamwaga pesa. Shemeji mkubwa akaonja, akaiweka chini polepole, akaniuliza, "Shem, hii ulinunua ama ulipika?" Meza nzima ikacheka, na kusema kweli ilikuwa na ladha ya jemu iliyoungua chini ya sufuria.

Hilo swali lake ndilo lilinipeleka Madeira. Hicho ni kisiwa cha Wareno huko bahari ya Atlantiki, na waini yao inapikwa kweli, kwa makusudi! Zamani mapipa yalikuwa yanasafiri kwa meli kupitia nchi za joto, wakagundua inarudi ikiwa tamu kuliko ilivyotoka, saa hii wanaipasha moto wenyewe, nyingine miezi mitatu kwa joto la digrii 45 kupanda, zile bora zinakaa kwa mapipa miaka mingi juu darini kwenye joto. Joto limeshamaliza kazi yake, kwa hivyo hata ukiifungua inakaa miezi. Kama kuna waini iliumbwa kwa ajili ya Kisumu ni hiyo. Mwaka jana nilipeleka moja, tukainywa na keki, na yule shemeji aliibeba chupa ikiwa nusu akaenda nayo kwake.

Na hapa ndio nina lawama. Kuna duka moja hapa mjini, sitalitaja, wanapanga chupa kwa dirisha, jua la saa nane linazipiga, zimesimama hapo tangu Pasaka. Nilinunua moja ya Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa bei ya kuumiza, nikaweka ya sikukuu, kufungua ni ile ile ya buti ya gari. Nikarudi, kijana akaniambia waini ikizeeka ndio inakuwa tamu. Nani alitudanganya hivyo jamani? Nyingi ya zile ziko kwa supamaketi zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache. Za kuweka ni chache, Barolo ya Italia, Porti ya Ureno ya mwaka maalum, Bordeaux kadhaa za Ufaransa, na hizo zinataka giza, joto la digrii 13 hivi, na kama kizibo ni cha mti zilale ubavu ndio kizibo kisikauke. Kama kifuniko ni cha kusokota hata ukiisimamisha haina shida.

Kwa meza mimi sina sheria nyingi. Ngege wa kukaanga na limau naweka Chenin Blanc ya Afrika Kusini, ndiyo zabibu iliyopandwa zaidi kule, inakata mafuta vizuri sana. Mbuzi choma ni Malbec, ama Pinotage, ambayo ni zabibu walizaa wenyewe kule Cape mwaka wa 1925 kwa kuchanganya mbili za Ufaransa. Pilau yenye viungo vingi, na najua hapa watu watanicheka, ni Riesling, waini nyeupe ya Mosel huko Ujerumani, ile yenye utamu kidogo, baridi. Mutura sijapata ya kuiweza, bado natafuta. Na tafadhali si kila kitu chenye povu ni shampeni, hiyo ni ya Champagne peke yake, ya Uhispania inaitwa Cava, ya Afrika Kusini inaitwa Cap Classique na bei yake inakubali mazungumzo kidogo. Lakini sisi ni wale wa kuita kila dawa ya meno Colgate.

Ombi langu Mhariri ni dogo, hiyo nafasi ya kamstari kamoja mwaka huu mtupatie robo ukurasa, nchi moja kila Jumamosi kuanzia Novemba, muanze na Naivasha na Dodoma kabla hamjafika Paris, mseme bei halisi na mahali pa kuipata nje ya Nairobi. Na mtu wenu akifika Nakuru aonje kabla ya kuandika, mimi niko, chupa ya Georgia bado sijaifungua, lakini aje na matatu.

Msomaji wenu,
Kiamunyi, Nakuru