Kwa walimu vijana wa sayansi: swali la Mpemba na darasa lililocheka

Wanangu,

Wengi wenu mmeshafika vituoni. Mmeonana na mkuu wa shule, mmepangiwa vipindi vingi kuliko mlivyotarajia, na mwalimu wa taaluma ameshawawekea mezani matokeo ya mwaka jana akingoja mseme kitu. Mtaelekezwa habari za azimio la kazi, andalio la somo, zamu na mitihani ya kanda. Sidhani kama yupo atakayewaambia lolote kuhusu maswali ya watoto. Mimi nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, na naona hapo ndipo somo linapopona au linapokufa. Basi nivumilieni kidogo.

Jina la Erasto Mpemba mnalijua, Mtanzania aliyeingia kwenye vitabu vya fizikia kwa sababu ya maziwa. Wengi huishia hapo. Kisa chenyewe amekiandika mwenyewe, katika makala aliyochapisha pamoja na mwanafizikia Denis Osborne mwaka 1969 kwenye jarida la Physics Education, na kila nikikisoma nawatazama zaidi wale waliomzunguka.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto. Wavulana wa shule walikuwa wakinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wanayachemsha, wanatia sukari, wanangoja yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza yawe aiskrimu. Nafasi ni chache, wenye hamu ni wengi. Siku hiyo mwenzake mmoja alipomwona anachemsha, akakimbilia friji, akachanganya maziwa yake na sukari na kuyamimina kwenye trei bila kuyachemsha, ili asikose nafasi. Mpemba akaona akingoja ya kwake yapoe, trei iliyobaki itakwenda. Akayaingiza yakiwa ya moto, liwalo na liwe kwa friji ya shule. Baada ya saa moja na nusu wakarudi kutazama: ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza. Likizo ilipofika akakutana Tanga mjini na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu za kuuza, akasikia kwamba yeye huziingiza zikiwa za moto kwa sababu huganda upesi. Yaani jambo lililokataliwa darasani ndilo lililokuwa likimpatia muuza aiskrimu ugali wake kila siku.

Alipofaulu akapelekwa shule ya Mkwawa, Iringa. Mada ya joto ikaja, ikaja na kanuni ya Newton ya kupoa (kwamba kasi ya kitu kupoa hutegemea tofauti ya joto kati yake na mazingira), na yule kijana akauliza tena. Safari hii mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo akikosea hesabu ilikuwa ni "hisabati ya Mpemba", na darasa zima likaudaka utani huo. Hebu fikirini kijana wa kidato cha tano, bwenini, darasani, bwaloni, jina lake limegeuzwa kuwa jina la makosa.

Hapa ndipo ninapotaka mtue. Mwalimu aliyesema "haiwezekani" simlaumu sana. Kanuni aliyoijua ilimwelekeza huko, na yeyote aliyesoma fizikia angesita vilevile. Ninachokiona kibaya zaidi ni kicheko. Jibu lisilo sahihi linaweza kusahihishwa wiki ijayo, lakini kicheko kinabaki darasani mwaka mzima na kinawafunga midomo hata wale ambao hawakuchekwa. Mtoto aliyekaa dirishani mwenye swali lake kuhusu mwezi au umeme anahesabu gharama, anaona mwenzake alivyofanywa, anafunika daftari. Nanyi hamtajua kamwe kwamba alikuwa na swali.

Mpemba hakufunika daftari. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazitia kwenye friza. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile ya moto. Kwa hiyo Dk. Osborne alipotoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, na nafasi ya maswali ikatolewa, Mpemba alisimama akiwa ameshajaribu. Akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

(Nikiwa mwalimu siwezi kujizuia: Iringa iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji huko huchemka yapata nyuzi 95. Hizo 100 ni za kitabu. Katika masimulizi yake hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeligusa hilo, ingawa walikuwa tayari kabisa kumcheka mwenzao.)

Osborne alitabasamu, akamwomba arudie swali. Akaliuliza lake: je, ni kweli, umefanya? Mpemba akasema ndiyo. Osborne akajibu kwamba hajui, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Siku ya pili wanafunzi wenzake walimwambia Mpemba kwamba amewaaibisha, kwamba alitaka tu kumshinda mgeni. Huku Dar es Salaam, fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alirudi na habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaahidi kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Mimi hucheka kila nikifika hapo, halafu naacha kucheka, maana nimewaona wanafunzi wakifanya hivyohivyo kwenye mtihani wa vitendo: jibu wanalijua, kwa hiyo namba zinapinda kulifuata.

Yale mambo matatu ya Osborne yashikeni. Aliomba swali lirudiwe. Hicho ni kitendo kidogo sana, ila mtoto anayeambiwa "hebu rudia" mbele ya wenzake anajua kwamba amesikilizwa, na darasa nalo linajua. Akauliza kama limejaribiwa. Hapo ndipo udadisi unapotengana na ubishi. Mnajua mabishano ya kijiweni kuhusu Simba na Yanga, kila mtu ana jibu na hakuna aliye na swali. Sasa darasani pia mtawapata vijana wanaouliza ili mwalimu atahayari. Msiwafokee. Waulizeni tu: umejaribuje, umeona nini? Mwenye nia ya kukutega ataishiwa, na mwenye hamu ya kujua ataanza kueleza mpaka kengele ilie. La tatu ni kusema sijui na kuweka ahadi ya kutafuta. Mwalimu kijana huliogopa neno hilo kuliko mkaguzi. Anahisi akilitamka, vijana wa kidato cha nne, ambao pengine amewazidi miaka michache tu, watampanda kichwani. Ninavyowajua watoto, heshima hushuka pale mwalimu anapobuni jibu na mmoja wao akaligundua.

Najua mtaniambia nini. Mzee, darasa lina watoto 70, silabasi ni ndefu, maabara ni kabati moja lenye kufuli, na mtihani wa taifa hauulizi maziwa ya Magamba. Ni kweli tupu. Siwaambii mgeuze kila kipindi kuwa baraza. Nunueni kaunta buku moja, liwe la darasa, likae mezani. Swali likija ambalo hamna muda nalo au hamna jibu lake, liandikwe pamoja na jina la aliyeuliza, na Ijumaa mchukue dakika kumi mlifungue. Lakini mlifungue kweli. Daftari la maswali lisilofunguliwa ni tusi la kistaarabu.

Na lile swali letu la mwisho wa kipindi, "mmeelewa?", naomba mlipumzishe. Jibu lake mnalijua, "ndiyooo mwalimu", kwa sauti moja, wengine hata hawajainua macho. Waambieni kila dawati lipate jambo moja ambalo bado linawatatiza. Kisha nyamazeni. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja tu. Walimu waliovumilia sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na wanafunzi wao wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Sekunde tatu ukiwa umesimama ubaoni na chaki mkononi ni ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Zivumilieni.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa zangu kazini hawakupenda nilitaje. Mtoto anamaliza darasa la saba akiwa amejifunza sayansi yote kwa Kiswahili, mwezi wa kwanza anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu ni Kiingereza. Ana swali, ila hana Kiingereza cha kulibebea. Akilisema kwa Kiswahili anaadhibiwa kwa kuvunja sheria ya shule. Akilisema kwa Kiingereza cha kuungaunga anachekwa. Mtoto mwenye akili timamu atachagua kunyamaza, na baadaye tutaandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi wetu hawana udadisi. Mimi nasema swali liruhusiwe kuzaliwa kwa lugha yoyote aliyonayo mwenyewe, Kisambaa kikiwemo. Likishakuwepo, litafutieni Kiingereza chake pamoja, liandikwe ubaoni, wote wanakili. Mtihani watafanya kwa Kiingereza, sikatai. Ila huwezi kumfundisha mtu kuandika kwa lugha ya pili swali ambalo ulimkataza kuwa nalo kwa lugha ya kwanza.

Sasa, kuna kijana wa intaneti ameshainua mkono: lakini mzee, si walisema Mpemba alikosea? Vizuri, hilo ndilo swali. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hili, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Wengine walisema maji ya moto hupungua kwa kugeuka mvuke, wengine wakataja hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, wengine mizunguko ya maji ndani ya chombo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya kwa uangalifu, wakasema hawaoni ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hufika nyuzi 0 mapema, na wakaonyesha kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu ndani ya chombo kunaweza kubadili matokeo. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada wakaonyesha jambo la namna hiyo likitokea kwa chembe ndogo mno ndani ya maji, mahali ambapo kila kitu kingeweza kudhibitiwa. Mjadala haujafungwa.

Mimi hainiumizi hata kidogo kama mwisho wake itaonekana kwamba kwenye maji ya kawaida Mpemba aliona kitu kingine. Aliona, akauliza, akajaribu, akauliza tena akiwa amechekwa miaka. Swali lake limewafanya watu wapime vizuri zaidi kuliko walivyokuwa wakipima. Mwalimu aliyemwambia haiwezekani hakupima chochote.

Kwa hiyo mkipata friza, ya shule au ya mama mwenye duka jirani (mwombeni kwa heshima na mlipie umeme), fanyeni na wanafunzi wenu. Vyombo viwili vya aina moja, maji ya ujazo ule ule, kimoja vuguvugu, kingine cha moto. Mkubaliane kabla ya kuanza "kuganda" ni nini: ni barafu ya kwanza kuonekana, au chombo chote kimekuwa kigumu? Nusu ya ubishi wa dunia kuhusu jambo hili uko hapo. Tazameni pia chini ya friza. Kama pana utando wa barafu, chombo cha moto kitauyeyusha na kukaa sawasawa juu ya chuma, kile kingine kitabaki juu ya utando unaozuia joto lisitoke, na hapo mtakuwa mmepima friza badala ya maji. Ufuteni kwanza. Rudieni mara nyingi, mkibadilishana nafasi za vyombo. Na mara zile ambazo yale ya vuguvugu yametangulia, mziandike vilevile, kwenye ukurasa ule ule.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa fizikia
Tanga