Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita ulituagiza kwamba, katika kazi yetu ya kuwalinda wanawake na watoto dhidi ya ukatili wa kingono, tupunguze semina, twende tukakae mialoni, kule ufukweni wavuvi wanakoshusha na kuuza samaki. Tulikwenda Kirumba, Igombe na Kayenze mkoani Mwanza, kisha visiwani Ukerewe.

Wavuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikishakuwa kali, mitumbwi hupandishwa mchangani, na mama anayeishi kwa kuanika dagaa hukaa siku hizo haingizi kitu huku watoto wanataka kula. Giza likirudi, anafika mwaloni alfajiri na beseni tupu, mtaji umeishia tumboni. Asiye na fedha mkononi huambiwa, "Tutaelewana." Kila mwanamke wa mwaloni anajua maana yake: atalipa kwa mwili wake. Kwenye mwalo mmoja, ambao sitautaja, nilisimama jirani na mama aliyeambiwa hivyo mbele ya binti yake wa darasa la sita. Mtoto alikuwa ameshika upande wa pili wa beseni. Akainamisha uso. Alishaelewa.

Kwa sababu ya asubuhi ile, kamati iliamua fedha zilizotengwa kwa fulana na mabango ziwe mfuko wa mtaji. Mama anachukua giza linapoanza, anarejesha mbalamwezi inapotoka. Mweka hazina atawasomea mahesabu. Wapo waliosema sisi si benki. Ni kweli, lakini semina haijazi beseni, na mwenye fedha yake hununua dagaa na kuondoka.

Daraja la Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Victoria lilipofunguliwa Juni 2025 tulishangilia kama watu wote wa Kanda ya Ziwa. Kwetu lilileta kazi mpya. Enzi za kivuko, abiria walisubiri, na mama zetu wauza matunda walikuwa wepesi kumtambua dalali anayeongozana na wasichana wasiojua hata mtaa waendako. Wengi huahidiwa kazi za ndani, wakifika mjini wanajikuta baa au gesti. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu 2008, ila lazima awepo mtu wa kuuliza, "Mwanangu, unakwenda kwa nani?" Sasa basi linavuka kwa dakika chache. Tumehamia stendi ya mabasi ya Nyegezi, Mwanza, na bado hatutoshi.

Nalazimika kusema pia tuliposhindwa. Mama mmoja alikuja kwetu baada ya mwanawe kufanyiwa ukatili wa kingono na mtu wanayefahamiana naye. Tulimsindikiza hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, PF3, yaani fomu ya polisi ya kupatia matibabu, ikatolewa, mtoto akafikishwa hospitali ndani ya saa 72, muda ambao dawa za kuzuia maambukizi ya VVU bado zinasaidia. Tukaona tumemaliza. Miezi ikapita hakuna hata mmoja wetu aliyebisha hodi kwake. Wazee wa pande mbili wakakaa, fedha zikatolewa, na siku ya kesi hakutokea shahidi. Kosa hili halimalizwi kifamilia: mtoto wa chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa, na adhabu ya kubaka haipungui miaka 30 jela. Lakini mama yule alizungukwa na ukoo mzima, nasi hatukuwepo. Lawama hiyo naibeba mimi. Kuanzia sasa kila familia yenye kesi itakuwa na mwanachama wake wa kuitembelea kila wiki, na nauli ya mahakamani itatoka kwetu.

Wenyeviti wa mitaa wametupokea vizuri. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto tumeibandika mialoni kote tulikopita. Kuipiga ni bure.

Giza linalofuata linaanza wiki ijayo. Nahitaji watu wawili wa kwenda Ukerewe na wanne wa zamu ya alfajiri Nyegezi. Mwenye nafasi anione kabla hatujatoka ukumbini.

Mwenyekiti