Nimepewa nikague kazi ya mkono wangu

Swahiba, mambo? Natumai u mzima na nyumbani wote wazima. Najua nimepotea, simu yako ya mwezi uliopita niliiona na sikuirudisha, nisamehe sana, msimu wa ukaguzi ulinimeza. Bi Mdogo kaniambia umefaulu ile pepa ya kodi, hongera yaani, nilifurahi kama nimefaulu mimi. Mengine nitakuhadithia siku nyingine maana leo kuna kitu kimenikaa kooni toka Alhamisi na we ndo mtu ninayeweza kumwambia bila kuanza kueleza debiti ni nini.

Iko hivi. Kuna mteja mmoja, kampuni ya watu binafsi, haipo soko la hisa. Mhasibu wao ni mtu mwema na vitabu vyake visafi, mizania anaijua, taarifa ya mapato anaijua, ila akifika kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, ile ya hela iliyoingia na kutoka kwenye uendeshaji, uwekezaji na ufadhili, anakwama kila mwaka. Meneja wangu akasema msaidie, chukua mizania ya mwaka huu na ya mwaka jana umtengenezee, kazi ya siku moja tu. Nikafanya. Nikaanza na faida, nikarudisha uchakavu, nikapiga tofauti ya wadaiwa, ya bidhaa, ya wadai yaani wanaoidai kampuni, jioni ikabalansi mpaka senti ya mwisho nikaenda kulala na raha zangu. Wiki mbili baadaye mgao wa kazi za ukaguzi unatoka, naangalia mtiririko wa fedha nani kapewa, nakuta jina langu.

Na mi nikaikagua, swahiba. Nikaweka tiki mstari kwa mstari, haraka, kwa sababu kila namba nilikumbuka ilikotoka. Sasa Alhamisi nipo kwenye kitu kingine kabisa, nalinganisha orodha ya wadai na stetimenti za wasambazaji, nakuta deni kubwa kuliko yote pale sio la bidhaa. Ni la yule aliyewauzia mashine mpya. Tumbo likanikata palepale.

We chukulia mashine bei yake 100, wamelipa 40, 60 bado wanadaiwa. Mi nilichofanya niliandika 100 zimetoka kwenye uwekezaji, alafu zile 60 zikaingia kwenye ongezeko la wadai kule juu kwenye uendeshaji, yaani kama vile biashara yenyewe imezalisha 60 ambazo hazipo. IAS 7, kile kiwango cha kimataifa cha mtiririko wa fedha, inasema wazi kitu ulichonunua kwa deni hakiingii kwenye taarifa mpaka hela itoke kweli, kwa hiyo uwekezaji ulitakiwa uwe 40 basi, na uendeshaji usiguswe. Lakini ona ubaya wake: 100 kutoa 60 ni 40, na 40 ni 40. Jumla haibadiliki. Salio la benki linakubali. Unaweza kuijumlisha mwaka mzima na isikuambie kitu, na benki inayotaka kuwakopesha itaangalia huo mstari wa uendeshaji kwanza kabla ya kitu kingine.

Nikakumbuka WorldCom, ile kampuni ya simu ya Marekani. Unakumbuka Mrefu alivyobisha siku ile kwamba mtiririko wa fedha haudanganyi kwa sababu hela ni hela? Wale walikuwa wanalipa kampuni nyingine za simu kwa kutumia laini zao, matumizi ya kila siku kabisa, wao wakayaandika kama mali. Hela imetoka ileile ila imehamishwa chumba, kutoka uendeshaji kwenda uwekezaji, faida ikapanda na mtiririko wa uendeshaji ukapanda nao. Juni 2002 walitangaza dola bilioni 3.8 zilizoandikwa hivyo, baadaye hesabu ikafika kama bilioni 11. Walioifukua ni wakaguzi wa ndani, timu ya Cynthia Cooper, wakati mkaguzi wao wa nje alikuwa Arthur Andersen. Silinganishi kosa langu na wizi ule, ila mlango ni uleule.

Nilipomgusia meneja alisema kwa mteja asiye wa soko la hisa inaruhusiwa kumtengenezea hesabu na kumkagua. Na nimesoma kanuni za maadili za wahasibu upya, hajakosea moja kwa moja, kwa kampuni zenye maslahi ya umma, kama za soko la hisa, ni marufuku kabisa ila kwa hawa unaweza kuwasaidia hesabu. Lakini kuna masharti! Iwe kazi ya kawaida isiyotaka maamuzi, na hatari ya kujikagua mwenyewe ishughulikiwe, kwa mfano mtu mwingine aipitie. Sasa nani aliipitia? Na mtiririko wa fedha usiotaka maamuzi ni upi? Hata riba waliyolipa, mi ndo niliamua iende ufadhili, ningeweza kuiweka uendeshaji na IAS 7 isingenikataza. Huo uchaguzi kwa kampuni nyingi utafungwa na kiwango kipya cha IFRS 18 kuanzia 2027, ila kwa sasa upo na niliufanya mimi, sio mteja.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, sisi uhuru wa mkaguzi tulifundishwa kama habari ya hela. Andersen alilipwa na Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka, dola milioni 25 za ukaguzi na 27 za kazi nyingine mwaka 2000, tukaandika, tukajibu mtihani, tukapata maksi. Zile hatari tano tulizikariri kama wimbo, maslahi, kujikagua, utetezi, mazoea, vitisho. Mtiririko wa fedha tukaja kufundishwa muhula mwingine na mwalimu mwingine, na hakuna aliyetuonyesha vinapokutana. Mimi sijapewa hata soda na huyo mteja. Simuogopi, simpendelei. Na bado sikuona, macho yalipita juu ya ile 60 mara mbili kwa sababu ni mimi niliyeiweka pale.

Afadhali ripoti haijasainiwa. Nimeanza kuandika memo kwa meneja, kurasa mbili, naeleza kosa, naomba mhasibu wao arekebishe mwenyewe na sehemu hiyo apewe mtu mwingine aikague upya kutoka kwenye leja na taarifa za benki. Nakutumia usiku huu, naomba uisome kabla ya Jumatatu na kalamu nyekundu kabisa usinionee huruma.

Alafu niambie. Huko kwenu nani anatengeneza mtiririko wa fedha, mteja kweli au nyie? Ulishawahi kukutana na deni la mali limejificha kwenye wadai? Nimwandikie meneja peke yake au partna naye apate nakala? Na nikisema sitaki kuguswa na sehemu hiyo mwaka ujao, wataona najali kazi au naikimbia? Yule mwalimu wetu wa ukaguzi bado anapokea simu za watu wa darasa letu? Mrefu naye yuko wapi siku hizi?

Nasubiri jibu lako, hata la mstari mmoja.

Wako,
Swahiba