Maua ya popi, tarehe 11 Novemba

Ndugu zangu, habari za jioni.

Tukutane makaburi ya vita, Jinja, saa 4 na nusu asubuhi. Saa 5 kamili tutanyamaza dakika 2: ndiyo saa mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza yalipokoma Ulaya mwaka 1918. (Huku Afrika Mashariki Wajerumani walijisalimisha tarehe 25.)

1. Mchango ni shilingi 5,000, mwisho Ijumaa.
2. Ua la popi, la kuwakumbuka waliokufa vitani, liwe la kitambaa kizito chekundu, upana sentimita 5, kifungo cheusi katikati. Karatasi hapana, mvua ikinyesha huchuja rangi na kanzu nyeupe inaharibika.
3. Livaliwe kushoto, upande wa moyo. Pini ipite kwenye nguo mara mbili, la sivyo ua huinama na kudondoka.
4. Medali za babu zivaliwe kulia. Kushoto ni kwa aliyepewa mwenyewe.

Wazazi, waelezeni watoto kwamba hatushangilii vita. Tunawakumbuka askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), na pia wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha kubeba mizigo ya jeshi) waliokufa kwa maelfu kwa maradhi. Wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Tafadhali thibitisha hapa kabla ya Alhamisi usiku: unakuja? Maua mangapi? Nahitaji pia washonaji wawili.