Mantiki au falsafa? Someni muhtasari wa kozi kwanza

Ndugu Mhariri,

Vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanaoingia chuo kikuu hujikuta na nafasi ya kozi moja tu ya hiari, wachague mantiki au falsafa. Anayeogopa hesabu hukimbilia falsafa, asiyependa kuandika insha hukimbilia mantiki. Wote wawili hujuta katikati ya muhula.

Jina la kozi halitoshi. Kuna vyuo ambako "mantiki" ni ile ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ya kauli za "wote" na "baadhi", yenye miundo 256 ya hoja ambayo kwa hesabu ya kale 24 tu ndiyo halali. Kwingine ni mantiki ya alama, inayotokana na kazi aliyoichapisha Frege, mwanahisabati Mjerumani, mwaka 1879. Ukiona kwenye muhtasari majedwali ya ukweli, yaani yanayoorodhesha kila namna sentensi zinavyoweza kuwa kweli au uongo, ni hii ya pili, na ndiyo inayomfaa anayesoma kompyuta au hisabati.

Hesabu yake ni ndogo. Chukua hoja hii: korosho zikilowa, huwekwa daraja la pili, hizi zimewekwa daraja la pili, basi zimelowa. Sentensi za msingi ni mbili, "korosho zimelowa" na "korosho zimewekwa daraja la pili", kwa hiyo jedwali lina mistari minne (zikiwa tatu, mistari ni minane). Tazama mstari ambao korosho hazikulowa lakini zimewekwa daraja la pili, labda kwa uchafu. Kauli mbili za mwanzo zinabaki kweli, hitimisho ni uongo. Hoja imevunjika, hata kama korosho zenyewe zimelowa kweli! Hapa wengi hukwama kwa sababu hutetea hitimisho wanalolijua, ilhali kinachopimwa ni kama kauli za mwanzo zinalibeba.

Baadaye huja mpangilio wa "kila" na "kuna". "Kila mkulima ana ghala analoliamini" haimaanishi kwamba kuna ghala moja linaloaminiwa na wakulima wote. Aliyekosa vipindi vya mwanzo hawezi kuvuka hapo, maana kila somo limekalia lililotangulia. Fanya mazoezi kila siku, kwa penseli, bila kuchungulia majibu.

Falsafa itazichukua korosho zilezile na kuuliza: uzito ukipungua ghalani, ni haki nani abebe hasara? Jedwali halikusaidii. Kurasa 20 za Kant, mwanafalsafa Mjerumani, husomwa mara mbili, na mara ya pili unaandika pembeni kila aya inadai nini. Insha zinazoanguka ni zile zinazokusanya maoni ya wanafalsafa watano bila kutetea lolote. Shika dai moja, lipe pingamizi kali kuliko yote, kisha lijibu.

Mwanafunzi wa sheria mwenye nafasi moja tu tunamshauri achukue mantiki. Maswali ya falsafa ya sheria atayakuta katika masomo yake. Wa ualimu au siasa achukue falsafa, mradi kozi isiishie kwa Wagiriki na Wajerumani. Wanafalsafa Odera Oruka wa Kenya na Kwasi Wiredu wa Ghana wanastahili wiki zao.

Tunaviomba vyuo vibandike muhtasari na mtihani mmoja wa zamani wa kila kozi ya hiari kabla dirisha la usajili halijafunguliwa. Mwanafunzi akijaribu maswali mawili ya kila upande, atajua aende wapi.

Walimu wa mantiki na falsafa,
Mtwara