Jina tupu la tovuti haliuziki, lijengeni kwanza

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongee na vijana ambao siku hizi wanaulizana kila kona hii biashara ya kununua na kuuza domeini, yaani majina ya tovuti, inaanzwaje, maana naona wengi wanaingia wakiwa wamejaa zile habari za mamilioni tu, hela inawaishia kabla hawajauza hata jina moja, na kwa kweli inaniuma.

Hayo mamilioni yapo, sikatai. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, jina tu. Lakini hilo ni neno moja la Kiingereza linaloeleweka dunia nzima, na maneno ya namna hiyo yalishachukuliwa zamani sana, .com ya kwanza kabisa ilisajiliwa Machi 1985, kwahiyo kijana anayeanza leo na hela yake ya vibarua asijipime na hao.

Kwanza uelewe unachonunua ni nini. Domeini huwi mwenye mali moja kwa moja, unaikodi. Kwa .com unalipia kuanzia mwaka 1 mpaka 10 kwa mpigo, usipolipia tena inaondoka, unapewa siku za msamaha kutegemea na msajili wako, yaani kampuni iliyokusajilia jina, halafu siku 30 za kuikomboa na hapo faini yake sio mchezo, kisha siku 5 za mwisho na baada ya hapo yeyote anaichukua. Sasa wengi hapa ndo hawapigi hesabu. Unaona ofa ya mwaka wa kwanza bei ya bure unasajili majina 100 kwa furaha, mwaka wa pili msajili anakuletea bei halisi, tuseme dola 15 kila moja, hiyo ni dola 1,500 kwa mwaka kwa majina ambayo hayajakuingizia hata mia. Anza na matatu au manne basi, yanatosha kabisa kujifunzia.

Halafu jamani acheni kusajili majina ya benki, ya wasanii, ya kampuni za simu, mkidhani watakuja kuwabembeleza. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa unaoitwa UDRP, mwenye alama ya biashara akionyesha kwamba jina linafanana na la kwake, kwamba wewe huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, unanyang'anywa na hulipwi kitu. Kufungua kesi kule WIPO Geneva, shirika la dunia la hakimiliki, kwa jaji mmoja ni dola 1,500, kwa kampuni kubwa hiyo ni hela ndogo sana. Na ile meseji unayomtumia meneja kwamba "jina lenu ninalo mimi leteni milioni 5" ndo inakuwa ushahidi wa kwanza dhidi yako.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Masomo yote ya hii biashara tunayosoma onlaini yameandikwa kwa ajili ya soko la Marekani na Ulaya, wanakwambia nunua jina, liweke kwenye masoko ya onlaini ya majina kama Sedo au Afternic, kaa usubiri mnunuzi. Kwa jina la Kiswahili utasubiri mpaka uzeeke. Mnunuzi wetu haingii Sedo. Mnunuzi wetu ni fundi wa samani pale Keko, ni mwenye gesti Bagamoyo, ni mama anayeuza mchele wa Kyela kwa jumla, ana Instagram yake na WhatsApp inamtosha, ukimwambia akupe laki 5 kwa jina la websaiti anaona kabisa huyu kijana anataka kuniibia. Yeye hela anatoa kwa kitu kimoja tu, wateja.

Kwahiyo jina tupu usimpelekee, mpelekee wateja. Kuna kijana wa mtaani kwetu alichukua jina la .co.tz linalotaja kazi na eneo, kukodisha maturubai na viti. Akatengeneza ukurasa mmoja tu. Picha za maturubai yakiwa yamefungwa uwanjani, turubai la watu 50 na la watu 100 kila moja na bei yake ya siku, chini kaandika kama usafiri na kufunga vimo ndani ya bei au ni pembeni, na kitufe cha WhatsApp. Basi. Watu wenye sherehe na wenye misiba wakawa wanasachi Google wanamkuta yeye, anawapeleka kwa mwenye maturubai anachukua kamisheni, na baada ya miezi kadhaa yule mzee mwenyewe ndo akauliza, kijana wangu hiki kitu unakiuzaje? Hapo bei inaongeleka, kwa sababu simu zimeshapigwa na mzee kaziona kwa macho yake.

Kuchagua jina kuna kipimo kizuri sana, mpigie mtu simu yuko kwenye daladala umtajie jina mara moja, akiliandika sawasawa lichukue. Yenye vistari na namba katikati achana nayo, na yale ambayo nusu ya watu wataandika L na nusu R pia achana nayo. Kabla hujalipa ingia Wayback Machine, tovuti inayotunza kurasa za zamani, uangalie huko nyuma lilitumika kwa nini, kuna majina yanaonekana mazuri kumbe yalikuwa ya kamari za kitapeli. Angalia na WHOIS, yaani kumbukumbu za usajili wa majina, lilisajiliwa lini na linaisha lini.

Siku ya kuuza usitoe ile namba ya siri ya kuhamishia kwa mtu usiyemjua kabla hela haijashikwa na mtu wa kati, Escrow.com wanafanya kazi hiyo. Na .com uliyoisajili juzi kwa kawaida haihamishiki kwa msajili mwingine mpaka zipite siku 60, mwambie mnunuzi mapema asije akakuona tapeli.

Na mafundi wa websaiti nawaomba, mnapomsajilia mteja jina sajilini kwa imeili yake na kwa jina lake. Nimeona mwenye duka la dawa ambaye fundi wake alihama nchi, simu haipatikani, jina liko kwenye akaunti ya fundi, imeili zote za oda zikakata siku moja, mzee wa watu alikuwa anapita kila ofisi anaambiwa wewe sio mmiliki. Miaka 6 ya biashara.

Mhariri, wasajili wetu wengi wanatangaza kwenye magazeti. Naomba muwashauri bei ya kulipia upya waiandike kwa shilingi, kwa herufi zilezile kubwa za ile ofa ya mwaka wa kwanza.

Msomaji wako, Temeke, Dar es Salaam